Kila mtu anamuuliza binti yangu mbona Mkenya hashindi mbio

Shangazi shikamoo. Natumai hujambo na wote wa kwako hawajambo. Mimi ni mama wa watoto watatu, asili yetu Kwale ila nimekulia Likoni, sasa tuko huku Minnesota, mume wangu anaendesha lori na mimi nafanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee. Nakuandikia kwa ajili ya huyu mkubwa wetu, msichana, ana miaka 13, yuko darasa la nane, na najua wapo watakaoona jambo lenyewe ni dogo lakini kwangu limekua mpaka sipati usingizi hata siku ambazo siko kazini.

Mwaka jana rafiki yake alimvuta akaingia timu ya shule ya mbio za nyika. Tukafurahi manake huku ukimwacha mtoto anashinda kwenye simu kutwa. Na yeye akapenda, tena sana, wanakimbia pamoja jioni wakitoka masomoni, kwenye bustani na vijia vya msituni, anarudi na matope mpaka magotini na anaongea hapumui, nani kateleza, nani kamchekesha nani, kocha kasema nini. Shida ilianza siku ya shindano la kwanza kabisa. Kocha wake, kwa nia nzuri tu, alikuwa ashawaambia watoto kwamba mwaka huu tuna mtoto wa Kenya, basi wazazi wakawa wanakuja wananipa mkono ati leo tutaona mambo, mama mmoja akaniuliza kama nami nilikuwa nikikimbia kilomita kumi kwenda shule. Shangazi mimi shule nilienda kwa matatu! Mtoto akakimbia kwa nguvu zake zote akamaliza katikati, arobaini na kitu kati ya watoto kama tisini hivi, nikampigia vigelegele nimesimama pale kwenye baridi na buibui langu chini ya jaketi. Lakini nilizisoma nyuso za watu, na yeye alizisoma.

Msimu huu ndo mambo yameharibika kabisa. Babake ni mtu mzuri, anawapenda wanawe, sina la kumsema, lakini hili limemwingia kichwani. Madereva wenzake wanamtania, na kwenye grupu la WhatsApp la familia wajomba wanauliza medali iko wapi, mmoja akaweka picha ya Kipchoge ati mtoto aangalie ajifunze. Sasa anamwamsha saa kumi na moja alfajiri wakakimbie kabla ya shule, na hiyo ni siku ambayo jioni kuna mazoezi ya timu vilevile. Akisema muundi wa mguu unamuuma anaambiwa ni uvivu. Kabla ya mashindano anamnunulia kile kinywaji cha kopo cha kuongeza nguvu.

Shindano la mwisho lilikuwa kwenye uwanja wa gofu. Bunduki ilipolia yeye akachomoka mbele ya wote, nami sijawahi kumwona akikimbia hivyo, babake anaruka anapiga kelele, wazazi wanasema ndo huyo ndo huyo. Haikufika nusu ya mbio. Kwenye kilima cha kwanza akaanza kupitwa, mmoja, watatu, wengi, akashika ubavu, akatembea. Akatembea Shangazi, mtoto ambaye hajawahi kutembea kwenye mbio. Alimaliza karibu na mwisho, akatapika pale pale baada ya mstari. Babake hakusema neno mpaka nyumbani, na kimya kile kilikuwa kibaya kuliko kelele. Sasa kila Ijumaa usiku ana maumivu ya tumbo, na juzi nilimwambia basi mamangu acha, hakuna anayekulazimisha, akalia akasema, "Mama mimi nataka kukimbia. Sitaki tu kuwa Mkenya nikiwa nakimbia."

Hilo neno limenichoma mpaka leo. Sijui nimtoe, sijui nimwache, babake nitamwingia vipi asione namvunjia heshima mbele ya mtoto, na kocha niongee naye au nitaonekana mama wa fujo. Msimu umebaki kidogo na kuna shindano kubwa la shule zote za eneo letu mwishoni mwa mwezi. Nisaidie.

Mama mwenye wasiwasi, Minnesota

* * *

Marahaba mwanangu, na pole. Barua yako nimeisoma nikairudia, na nataka nianze na lile neno la binti yako kwa sababu jibu liko ndani yake. Kakwambia mambo mawili na yote mawili ni kweli. Anataka kukimbia. Hataki kubeba nchi nzima mgongoni akiwa na miaka 13. Ukimtoa kwenye timu utakuwa umemwondolea kile anachokipenda, na ule mzigo utabaki naye maana watu wataendelea kumuuliza tu, barabarani, darasani, kwenye harusi. Kwa hiyo usimtoe. Utoe mzigo. Kazi hiyo ni yenu wakubwa, yeye haimhusu.

Tuanze na hilo la Mkenya manake ndilo limewasumbua hata ninyi wenyewe, kila mtu anasema "Mkenya" kama vile nchi nzima imezaliwa mlima mmoja. Wale mabingwa wengi wanatoka wapi? Iten, Kapsabet, Eldoret, Baringo, Nyahururu, nyanda za juu huko. Iten iko kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, watoto wanakua na hewa nyepesi na vilima na vijana wa jirani ambao wote wanafanya mazoezi, kuna makocha, kuna makambi, kuna mtu wa kijiji chao aliyejenga nyumba kwa pesa za mbio na kila mtoto anaiona nyumba hiyo akienda shule. Paul Tergat ametoka Baringo, John Ngugi wa Nyahururu, kila mmoja amechukua ubingwa wa dunia wa mbio za nyika mara tano. Sasa Kwale na Likoni ziko wapi katika hadithi hiyo? Kwenu ni bahari, mnazi, joto na chumvi. Kumtarajia binti wa Likoni awe wa kwanza kwa sababu Tergat ni Mkenya ni sawa na kumtarajia mtoto wa Iten ajue kupiga mbizi kwa sababu Likoni kuna feri. Mwambie hivyo, tena mwambie waziwazi, ana haki ya kujibu "mimi natoka pwani, kwetu ni baharini" na jibu hilo halina aibu ndani yake hata chembe.

Na kama ulikuwa Likoni mwaka 2007 basi una hadithi ya kumpa ambayo hao wazazi wenzako hawana. Machi 24 mwaka huo mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika Mombasa, mara ya kwanza kabisa kuja Kenya, pale kwenye uwanja wa gofu karibu na Mama Ngina Drive, ng'ambo tu ya kwenu. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikuja akiwa bingwa wa mbio ndefu miaka mitano mfululizo, 2002 mpaka 2006, hakuna aliyekuwa anamweza. Lile joto la Mombasa na ule unyevu wa hewa vikamla, akatoka mbioni mzunguko wa mwisho, hakumaliza, na Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Bekele yule yule akarudi 2008 kule Edinburgh akashinda tena. Kwa hiyo mbio za nyika kubwa kuliko zote zimeshakimbiwa kwenye nyasi za kwenu, na mkali kuliko wote akashindwa na hewa ya kwenu. Huo ndio Ukenya wake, wa Mombasa, autumie huo.

Sasa nije kwenye ile siku ya uwanja wa gofu kwa sababu mtoto anaamini alishindwa kwa kuwa hana kitu, na si kweli hata kidogo. Alishindwa kwa kuwa alitoka vibaya. Chukua mfano, tuseme kawaida yake ni dakika 16 kwa maili mbili, maana yake dakika 8 kila maili. Akitoka kwa mwendo wa dakika 6 na nusu ili awapendeze watu waliopanga mstari pale mwanzoni, ile nusu maili ya kwanza ataonekana nyota, halafu misuli inaanza kudai hewa ambayo mapafu hayawezi kuileta, miguu inakuwa mizito, kichomi kinashika ubavuni, na hapo ndipo kilima kinakuja. Hakuna binadamu anayesamehewa hesabu hiyo. Mwangalie Joshua Cheptegei wa Uganda. Mwaka 2017 mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalikuwa kwao Kampala, Kololo, umati wote wa nyumbani unamwita jina, kijana wa miaka 20, akaongoza mbio ya wakubwa kwa mbali mpaka mzunguko wa mwisho. Miguu ikakataa. Alipitwa na Geoffrey Kamworor, akapitwa na wengine, akamaliza wa 30 anayumba mbele ya nchi yake nzima. Miaka miwili baadaye, 2019 kule Aarhus, Denmark, akawa bingwa wa dunia wa mbio hizo hizo, halafu 2020 akavunja rekodi ya dunia ya mita 5,000 na ya mita 10,000, na 2024 Paris akachukua dhahabu ya Olimpiki. Kaeni naye mtafute mkanda wa Kampala kwenye intaneti muutazame pamoja, wewe na yeye na babake, halafu mtazame wa Aarhus. Usiongeze maneno mengi. Ataona mwenyewe kwamba kilichompata kina jina na kinawapata wakubwa wakiwa na watu wengi wanaowaangalia.

Dawa yake shindano lijalo ni kukimbia ile robo ya kwanza akiwa anahisi ni polepole mno mpaka inamkera. Kweli kabisa, inatakiwa imkere. Awaache wachomoke. Aanze kuwahesabu anaowapita kuanzia nusu ya mbio, watoto wengi watakuwa wamechoka pale na hakuna raha kwenye mchezo huu kama ile ya kupita mtu juu ya kilima. Wapwa zangu wawili wamekimbia shule huko huko Marekani nami nimesimama kwenye hiyo baridi mara nyingi nikitetemeka, na nakwambia mtoto aliyetoka nyuma akamaliza anapita watu anarudi nyumbani na uso tofauti kabisa na yule aliyeongoza akapitwa, hata wakimaliza nafasi moja.

Na sasa jambo ambalo nadhani hakuna aliyekueleza, manake umeandika barua nzima kuhusu nafasi ya mtoto na timu umeitaja kwa kupita tu, kumbe mbio za nyika ni mchezo wa timu. Huko Marekani kawaida ya mashule ni hivi, timu inakimbiza wakimbiaji saba, watano wa kwanza wa kila timu ndio wanaohesabiwa, nafasi zao zinajumlishwa, na mwenye jumla NDOGO ndiye anayeshinda. Timu moja inaweza kuwa na wa kwanza na wa pili, halafu wa tatu wao akawa wa 20, wa nne 30, wa tano 40, jumla 93. Timu nyingine haina mtu hata mmoja kwenye kumi bora lakini wasichana wao wamekuja pamoja, wa 12, 14, 15, 17 na 19. Jumla 77. Hao ndio wanaobeba kikombe na wale wenye mshindi wanarudi bila. Hata wa sita na wa saba wana kazi, wakimaliza mbele ya mtu wa timu nyingine wanamsogeza nyuma na kumwongezea alama timu yake, na timu zikifungana wa sita ndiye anayeamua. Kwa hiyo mtoto wa arobaini na kitu akiwa kati ya wale watano wa timu yake, akipita wasichana wanne wa timu nyingine kwenye mita mia mbili za mwisho ameipunguzia timu yake alama nne, na alama nne zimeshaamua vikombe vingi. Kwenye mashindano ya watoto wa umri wake kanuni zinaweza kutofautiana kidogo na wanaoruhusiwa kukimbia huwa wengi zaidi, hivyo muulize kocha wao wanahesabuje na binti yako anasimama wa ngapi ndani ya timu. Hiyo ndiyo namba ya kuifuata.

Mumeo akibisha mwambie hata Kenya yenyewe sifa yake kubwa kwenye nyika ni ya timu. Wanaume wa Kenya walichukua ubingwa wa timu kuanzia 1986 mpaka 2003, miaka 18 bila kuuachia, na ndani ya miaka hiyo mshindi wa mtu mmoja mmoja mara kadhaa alikuwa wa nchi nyingine. Pale Kampala 2017 wanawake wa Kenya walishika nafasi sita za kwanza zote, Irene Cheptai mbele. Nani anakumbuka ni nani alikuwa wa sita siku hiyo? Lakini alikuwemo, alikimbia na wenzake.

Tuje kwa babake. Umesema ni mtu mzuri na mimi nakuamini, nadhani anachofanya ni kumpigania mtoto asidharauliwe, maana dharau ile ya madereva inamwangukia yeye kwanza. Usimwambie mbele ya mtoto na usimwambie siku ya shindano. Chagua siku amepumzika, ametoka safari amelala ameshiba, umwambie kwanza lile neno la binti yake kama alivyolisema, "sitaki kuwa Mkenya nikiwa nakimbia," halafu unyamaze umwache. Baba akisikia mwanawe anaanza kuikimbia asili yake kwa sababu ya jambo hili atakaa chini, na hapo ndipo mnaweza kuongea. Mwambie, "baba yake, unahitajika pale kwenye kamba, sauti yako anaisikia kuliko za wote," halafu mpe kazi ya kupiga kelele jina lake na jina la timu, namba asiitaje. Mwanaume akipewa kazi anatulia.

Lakini kuna mambo matatu hapo ambayo si ya kubembeleza, yakome wiki hii hii.

La kwanza ni ile alfajiri. Mtoto wa miaka 13 anakua, mifupa yake bado laini sehemu za kukulia, na ukimwongezea mazoezi ghafla juu ya mazoezi muundi ndio unaolia kwanza. Huo si uvivu. Maumivu ya muundi yanaanza kama kero ya kawaida, mkiyapuuza mfupa unaweza kupata ufa mdogo na hapo msimu umekwisha na mwingine unaweza kwenda nao. Mwambie akuonyeshe panapouma. Akielekeza kidole kimoja mahali pamoja penye maumivu makali, au panauma akitembea tu au usiku amelala, aache kukimbia na mumpeleke kwa daktari kabla ya hilo shindano kubwa, usisubiri lipite. Na hao wa Iten wanaokimbia mara mbili mara tatu kwa siku ni watu wazima ambao hiyo ndiyo kazi yao, wakitoka mazoezini wanalala mchana, hawaendi darasani kufanya hesabu. Shirikisho la dunia la riadha lenyewe haliruhusu mtoto kuingia mbio za vijana za ubingwa wa dunia wa nyika kabla ya mwaka anaotimiza miaka 16. Kama dunia inaweza kumsubiri mpaka hapo basi na sisi tumsubiri.

La pili ni hicho kinywaji cha kopo. Kimwagwe. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilishasema tangu 2011 kwamba vinywaji vya kuongeza nguvu vyenye kafeini havina nafasi kwa watoto, moyo unakwenda mbio, tumbo linavurugika, na mtoto ambaye tayari ana wasiwasi unamwongezea wasiwasi. Sishangai alitapika, ametoka kasi kuliko uwezo wake na tumbo lina kopo zima. Asubuhi ya mbio apate uji mwepesi au mkate na ndizi, saa mbili tatu kabla, maji kidogo kidogo, basi. Maharagwe na vitu vya mafuta vingoje mpaka amalize.

La tatu ni lile grupu la familia. Matokeo ya mtoto yasiwekwe huko bila yeye kukubali, na wewe ndiye wa kuwaandikia wajomba, usimwachie babake kazi hiyo. Waandikie kwa heshima tu, kwamba binti anafurahia mbio zake na timu yake na tunaomba dua zenu, lakini masuala ya medali tuyaache anayasoma na yanamuumiza. Atakayenuna na anune.

Kuna jambo jingine ambalo hukuliuliza ila nalisema kwa sababu ya umri wake. Wasichana wakifika miaka 12, 13, 14 mwili unabadilika, kimo, nyonga, uzito, hedhi, na wengi mwendo wao unasimama pale pale au unarudi nyuma msimu mmoja au miwili hata wakifanya mazoezi vilivyo. Halafu unarudi. Wakubwa wasiojua hilo wanaanza kumwambia mtoto amenenepa, ale kidogo, na wasichana wangapi wazuri wamepotea kwenye mchezo huu hapo hapo, tena wengine wamepotea wakiwa na afya iliyovunjika. Nyumbani kwako lisisemwe neno lolote la uzito wake, si na babake, si na shangazi zake, si kwa mzaha. Ale ashibe. Kama hedhi imeanza na inatoka nyingi, na anachoka kuliko wenzake au anapanda ngazi anahema, muombe daktari ampime damu na akiba ya madini ya chuma, ni kipimo cha kawaida na kwa wasichana wanaokimbia upungufu huo unapatikana sana. Inawezekana kabisa nusu ya uchovu unaouona iko hapo.

Maumivu ya tumbo ya Ijumaa usiku usimwambie anajisingizia. Tumbo la mtoto mwenye hofu linauma kweli. Mkae naye, umuulize shindano la kesho anataka kufanya jambo gani moja, yeye achague, pengine ni kutotembea kwenye kilima, pengine ni kumaliza karibu na yule rafiki yake aliyemvuta kwenye timu. Hilo ndilo mtalifuata siku hiyo, hayo mengine yatakuja yenyewe.

Kocha muandikie. Hutakuwa mama wa fujo, makocha wa watoto wengi wao wanataka kujua, hawaambiwi tu. Mwandikie kitu kifupi, mwambie asante kwa kumlea binti yetu kwenye timu, anawapenda wenzake. Tumegundua kwamba kila anapotambulishwa kama mtoto wa Kenya anaona anatakiwa kushinda na sasa anaumwa tumbo kabla ya mashindano. Tunaomba atambulishwe kwa jina lake. Pia amekuwa na maumivu ya muundi na alikuwa anaongezewa mazoezi nyumbani, tumeyasimamisha, tunaomba ushauri wako wa mwendo wa kuanzia mbio. Basi, usiongeze. Akiwa kocha wa maana atamwita pembeni na huenda atamwomba na msamaha, na hata asipoomba atajua la kufanya kwenye mstari wa kuanzia.

Na akishamaliza hiyo mbio kubwa ya mwisho wa mwezi, usimuulize amekuwa wa ngapi, namba atakutajia mwenyewe akitaka. Umpe blanketi kwanza maana jasho la baridi ile linaingia mpaka mfupani, umpe chakula, umuulize kilima kilikuwaje. Mwambie babake naye aulize hilo hilo. Njiani akitaka kulala alale, akitaka kuongea atawaambia nani kateleza na nani kachekesha kama zamani, na ukiona hayo yamerudi niandikie unijulishe. Msimu ukiisha muulizeni kama anataka kuendelea mwakani, akisema hapana mkubali siku hiyo hiyo bila kumvuta, akisema ndiyo mmnunulie viatu vipya vya mbio, vya zamani kwa mtoto anayekua hivyo vitakuwa vishambana.

Wako,
Shangazi